Kwanjula ya Paka Watatu

Huku Bwaise, bondeni kabisa mwa Kawempe, fundi wa cherehani asiye na paka anawashonea panya. Panya wa hapa hawatosheki na unga. Wanapenda kitambaa, hasa kitambaa cha mteja ambacho hakijalipiwa, na wanakianzia pale pasipofichika. Mtaro wa Lubigi hauko mbali nasi, na mvua ikiujaza takataka wanapanda kwetu ukoo mzima, babu mpaka vitukuu.

Kila asubuhi anapita kijana na spika begani. Sauti imerekodiwa, inarudia Kiganda kilekile: emmese, ebiyenje, ebiku. Panya, mende, kunguni. Anauza dawa ya vyote vitatu na majirani wengi wananunua. Mimi sinunui. Panya aliyekula sumu hafi palepale, anatoka anayumba, paka anamkamata bila jasho, na baada ya siku mbili tatu unatafuta mahali pa kuzika paka. Kwa hiyo kwenye ploti yetu ya milango minane, mlango wangu, wa sita, unajulikana kuwa mlango wa paka.

Waganda wanakiita chumba kimoja cha kupanga muzigo. Sisi wenye Kiswahili tulicheka tulipolisikia neno hilo mara ya kwanza, halafu tukalipa kodi ya mwezi wa kwanza tukaacha kucheka. Muzigo wangu ni hatua tano kwa nne. Kuna kitanda, pazia, cherehani, meza ya kukatia, binti yangu wa miaka tisa, na paka wawili. Mukene ni jike la rangi ya majivu, alizaliwa hapahapa juu ya dari ya mlango wa pili. Jina amelipata kwa wale dagaa wa Ziwa Viktoria, kwa sababu siku tuliyomchukua hakukubali kula kitu kingine. Posho ni dume mweupe, alishahasiwa, mnene, mwoga wa radi. Wawili hawa walikua pamoja, na kwao nyumba ile ilikuwa na watu wanne, basi.

Yaya alikaa mlango wa nne. Kwetu Bukavu dada mkubwa tunamwita yaya, na si lazima awe amezaliwa na mama yako. Yeye na mimi tulikutana foleni ya karatasi kule Old Kampala, tukagundua kwamba kwao na kwetu ni Kadutu, ikawa imetosha. Paka wake aliitwa Sambaza, kwa wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Yaya alipenda kuwaambia Waganda kwamba sambaza wenyewe hawakuwa wenyeji wa Kivu, walitolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakamwagwa ziwani, na leo huwezi kumweleza mtu chakula cha Bukavu bila kuwataja. Sambaza wa mlango wa nne hakutoka nje hata siku moja. Yaya aliogopa sumu, akaweka wavu dirishani. Paka wangu walimjua kwa harufu na kwa matusi ya kupitia ule wavu.

Machi 2023 simu ikaja. Baada ya miaka saba ya kuhojiwa na kupimwa na kuhojiwa tena, ndege ya Kanada ilikuwa imebakiza siku tisa. Mnaojua safari hizi mnajua na ule mfuko wa IOM. Una nafasi ya karatasi, paka haingii. Yaya aliuza kitanda, jiko, masufuria, mpaka ndoo. Usiku wa kwenda Entebbe akanipa vitu vitatu: ufunguo, kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa yenye jina la Sambaza, na Sambaza mwenyewe. Ile kadi ilikuwa na mihuri mizuri kuliko karatasi zangu zote. Akasema, “Mdogo wangu, usimpe mtu mwingine.” Nikamwambia sitampa.

Sasa ahadi ni kitu chepesi usiku, asubuhi ndipo unaipima uzito. Paka mzima akiona nyumba yake imeingiliwa anaweza kuhama, akaenda kwa watu wengine hata kama wewe ndiye uliyemlea kwa kijiko. Mukene akihama, panya wanarudi. Asipohama, anaweza kuanza kukojoa ovyo ili nyumba inuke yeye, na mkojo wa paka ukiingia kwenye kitambaa hautoki, hata ufue kwa sabuni gani. Na mimi wakati ule nilikuwa na kazi ya gomesi nne za kwanjula, ile sherehe ya Waganda ambapo binti anamtambulisha mchumba wake kwa wazazi. Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Advansi nilishapokea, na nilishailipia shule.

Nilikwenda Kalerwe kwa daktari wa mifugo mwenye kiduka karibu na soko. Anauza zaidi dawa za kuku, lakini paka anawajua. Alinieleza kitu ambacho nimekiona kwa macho tangu utoto bila kukielewa: paka anafahamu kwa pua kabla ya macho. Mashavuni ana tezi za harufu, na anapojisugua kwenye mguu wa meza au mguu wako, anaandika hapo jina lake. Paka mgeni akiingizwa ghafla, ni sawa na mtu kuingia kwako usiku akiwa amefuta majina yote ukutani. Atapigwa. Kwa hiyo mgeni akae chumba chake, wiki moja au mbili, harufu zitangulie, macho yafuate baadaye. Tena ni lazima utenge kwa ajili ya ugonjwa, alisema, maana kuna ule wa kutapika na kuhara unaomaliza paka wadogo kwa siku chache. “Hata kuku wageni si huwa mnawatenga, maama?”

Nikamuuliza, chumba chake kipi? Akaangalia viatu vyangu vyenye tope la Bwaise, akaelewa, akacheka kidogo kwa adabu. Pia kuna kanuni ya beseni za choo: idadi ya paka, ongeza moja. Beseni nne! Nilinunua jerikani moja tu la zamani, nikalikata ubavu, nikajaza maranda ya seremala.

Chumba kilipatikana kwa njia ambayo sikuitegemea. Kodi ya Yaya ilikuwa imelipwa mpaka mwisho wa mwezi, zilibaki siku kumi na moja, na mama mwenye nyumba alisema hela iliyoingia hairudi. Basi nikasema, kama hairudi, ufunguo nao usirudi kwanza. Akakubali. Kwa siku kumi na moja paka mkimbizi alikuwa na chumba kizima peke yake Kampala, na mimi sijawahi kuwa nacho.

Nilihamishia kule kazi ya mkono, vifungo na pindo, saa za mchana. Chumba kilikuwa kitupu, msumari wa saa bado ukutani, godoro bovu ambalo hakuna aliyelinunua, na katoni ya sabuni ambayo Sambaza alijichimbia ndani. Sikumwita. Nilikaa chini nikashona, nikiongea na nguo kama nilivyozoea. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alikuwa bado ndani ya katoni, hajagusa hata maji mbele yangu.

Siku ya tano Yaya akatuma sauti kwa WhatsApp. Alikuwa anaeleza theluji, kwamba inalia chini ya kiatu kama unga wa muhogo. Nikaiweka kwa spika. Sambaza akatoka. Akaja mpaka kwenye simu, akainusa, akazunguka nyuma yake kutafuta mwenye sauti, akaangalia mlango. Nikairudia mara ya pili, akafanya vilevile. Mara ya tatu sikuirudia. Nilimwambia Yaya kwamba paka anakula vizuri, na jioni ile kweli alikula, nusu kisahani.

Kazi ya harufu alipewa binti yangu. Tulikata vipande viwili vya kitenge, kimoja chekundu cha Sambaza, kingine cha bluu cha wenyeji. Chekundu alimsugua Sambaza mashavuni, akakileta mlango wa sita na kukiweka chini ya sahani ya Mukene na Posho. Cha bluu kilikwenda mlango wa nne. Jioni ya kwanza Mukene alikitazama kile kitambaa kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Hakula. Posho alikula baada ya kulizunguka sahani mara tatu. Siku ya nne Mukene akala akiwa amenyoosha shingo, miguu mbali, tayari kukimbia.

Ni mteja wangu aliyelipa jambo hili jina lake. Yeye ndiye ssenga, shangazi wa bibi harusi, mtu mwenye kazi kubwa siku ile. Alikuja kupimwa mabega, yale mabega ya gomesi yenye ncha ambayo usipoyapata sawa umeharibu nguo nzima. Akamkuta mtoto anapita na kitambaa chekundu, akauliza. Tulipomweleza alicheka mpaka akakaa juu ya kitanda. “Lakini hiyo ni kwanjula!” Akaanza kuipanga kabisa. Watu wa upande wa mume hawaingii moja kwa moja. Wanasimama langoni. Kila upande una msemaji wake, wanaulizana maswali, wanakataliana, wanataniana, na wenyeji wanajifanya hawawajui wageni hata kama wamekula nao juzi. Halafu zawadi zinaingia, vikapu kwa vikapu. “Paka wako amekuja na nini?” akauliza. Nikasema hana kitu. “Basi wewe mtolee. Mgeni mikono mitupu, nani atamfungulia?”

Alikuwa anatania, lakini nilifanya hivyo. Tangu siku ile mukene wa kukaanga, ambaye paka wangu humwona Jumapili tu, alikuja pamoja na kitambaa chekundu na si wakati mwingine wowote. Kikombe kimoja cha mukene kilitosha siku tatu. Siku ya saba Posho alimsikia mtoto anakuja akakimbilia mlangoni. Mukene hakukimbia, hana tabia hiyo, lakini alikaa karibu.

Tarehe 31 jioni nilirudisha ufunguo. Sambaza aliingia mlango wa sita ndani ya kasha la nyanya la Kalerwe, mbao zenye nafasi, nimefungia kifuniko kwa waya na kulifunika kitenge cha Yaya ambacho sikukifua. Tuliliweka nyuma ya pazia. Gomesi nilizikunja ndani ya nailoni, nikazitundika kwa kamba kwenye boriti, juu kabisa, zikawa zinaning'inia pale kama mizoga buchani.

Usiku ule hakulala mtu. Mukene alifoka mbele ya kasha, sauti ya mafuta ya moto yakidondokewa maji, mkia umevimba kama brashi ya chupa. Sambaza akanguruma kutoka ndani. Posho alipanda kitandani akaingia chini ya blanketi ya mtoto. Alfajiri mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni. Watu wa mlango wa tano na wa saba hawakulala, alisema, wanafikiri una watoto wachanga wanaoteswa. Na wengine wanasema paka wanaolia usiku si paka. Alinipa wiki moja. Aliongea polepole, bila hasira, na mpangaji yeyote anajua kwamba hiyo ndiyo mbaya.

Kwa hiyo wiki ile tulikula kwa mpango. Sahani moja upande huu wa kasha, nyingine upande ule, mbali mbali kwanza, halafu kila siku tunasogeza upana wa kiganja. Usiku kasha tulilifunika lote ili wasionane. Usiku wa tatu Posho, huyo mwoga, akakojolea gunia la vipande vya kitambaa. Vilikuwa vya kutupa. Nilivitupa, nikasugua sakafu kwa siki, nikamshukuru Mungu kwa boriti.

Siku ya saba ilikuwa ya kimya. Si amani, kimya. Mama mwenye nyumba alipita, akasikiliza, akaondoka bila kubisha. Siku ya nane tukafungua waya.

Sambaza alichukua nusu saa kutoka. Alipotoka, Mukene alimpiga kofi moja la uso, makucha ndani, kisha la pili makucha nje, na wakawa mpira mmoja wa manyoya chini ya cherehani. Ukiona paka wanapigana usitie mkono. Meno yao ni membamba kama sindano, yanaingia ndani, na kidonda kinavimba. Nilikuwa na ubao wa katoni tayari, nikauteremsha katikati yao kama ukuta. Wakikosa kuonana wanasahau haraka kuliko sisi. Sambaza akaruka juu ya meza ya kukatia, akabaki huko siku mbili, anashuka tukilala. Nilikata vitambaa kitandani.

Katikati ya Aprili mvua ikaja ile ya kweli. Wanaokaa Bwaise wanajua: unasikia kwanza watu wa chini wanaburuta vitu, halafu unaona maji yanapita juu ya tofali ulizojenga kizingitini. Tulipandisha unga, cherehani, mtoto. Na paka wakajipandisha wenyewe, wote watatu, juu ya ile meza moja. Taa ya simu iliwaonyesha wamekaa migongo ikigusana, kila mmoja anaangalia upande wake, maji yanapita chini. Binti yangu alifurahi sana, akamrekodia Yaya palepale kwamba paka wamepatana. Asubuhi maji yalipotoka, Mukene na Sambaza walipigana mara mbili kabla ya chai, wakigombea sehemu kavu. Ikabidi arekodi tena.

Wafanyakazi wa mashirika wakitutembelea huwa na swali kwenye karatasi zao: mnaishi vipi na jamii mwenyeji, vizuri, wastani, au vibaya? Mimi huwa najibu vizuri, kwa sababu chai imeshamiminwa. Lakini nikitazama chumba changu naona jibu ambalo halina kisanduku pale: kwa zamu. Ploti yetu ina milango minane na choo kimoja. Hakuna anayempenda mwenzake pale alfajiri, ila kila mtu anajua saa yake, na anayeijua saa ya mwenzake hapigi mlango. Paka walifika hapo kabla ya mwisho wa Mei bila mtu kuwafundisha. Meza ni ya Sambaza tangu ninapofungua mlango mpaka mchana, jua likiwa bado linapiga pale. Akishuka anapita kushoto kwa cherehani. Mukene anapita kulia. Usiku meza ni ya Mukene. Posho ana kitanda saa zote, hakuna aliyempinga. Wakikutana mlangoni mmoja anakaa chini, anajifanya analamba mguu, mpaka mwenzake apite. Sijawahi kuwaona wamelala pamoja, na siwasubirii.

Gomesi zilikwenda Ijumaa jioni, nne zote, kavu, hazinuki kitu. Ssenga aliniletea picha za sherehe baadaye. Upande wa mume ulikuja na mbuzi, masofa na katoni za soda, na bado walisimamishwa langoni juani zaidi ya saa nzima.

Yaya bado anatuma sauti, siku hizi mara moja kwa mwezi. Amepata kazi ya usiku ya kufunga nyama. Anauliza kwanza Sambaza, halafu mimi, sijali. Nikiiweka kwa spika Sambaza anageuza sikio moja. Hazunguki tena nyuma ya simu.

Wavu wa dirisha hana tena, anatoka, na kila kijana wa spika akipita roho yangu inaruka. Nimezunguka milango yote saba kuwaomba wasiweke sumu, nitawaletea paka bure usiku wowote watakaosikia panya. Watano wamekubali. Juni Sambaza akakamata panya wake wa kwanza, mkubwa kama kiatu cha mtoto. Mukene akikamata analeta kitandani kwangu, ndivyo tulivyozoea. Sambaza alipita nje ya mlango wetu na mzigo wake mdomoni, akaenda kumweka chini ya mlango wa nne, akakaa pale kusubiri. Anafanya hivyo mpaka leo. Anayekaa mle sasa ni kijana wa bodaboda kutoka Masaka, anatoka saa kumi na moja gizani na kukanyaga. Amenijia mara mbili. “Maama,” anasema, “nakuheshimu sana, lakini mwambie huyo kkapa wako mimi sili panya.”